Pumzi Zetu Kwenye Kioo cha Dereva

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa Julai, stendi ya Njombe. Hiace imejaa, abiria wamejikunyata ndani ya makoti na vitenge, na harufu ya nguo zilizolowa umande imetanda. "Kaka konda, funga hilo dirisha, mtoto ana kifua," anasema mama mmoja wa kiti cha pili. Konda anafunga. Hatujamaliza kilomita mbili, kioo cha mbele kimekuwa cheupe kama kimepakwa maziwa. Dereva anakifuta kwa kipande cha fulana, anapata tundu la ukubwa wa sahani, anachungulia, nalo linajifunga tena. Mkono mmoja usukani, mwingine kwenye tambara, na mbele yetu kuna lori la mbao ambalo taa yake moja ya nyuma haiwaki.

Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, kwa hiyo nililiona vizuri kuliko nilivyotaka.

Mji ule uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za kipupwe ukungu hulala barabarani. Ni rahisi kudhani kwamba ndio uliopenya ndani ya gari. Sivyo. Maji yaliyokuwa kwenye kioo yalikuwa yetu sisi abiria.

Hewa hubeba mvuke kwa kadiri ya joto lake. Hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi inaweza kubeba gramu 17 hivi za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Ipoze ifike nyuzi 10, haiwezi tena kubeba zaidi ya gramu 9 na ushee. Ziada hugeuka maji, na hugeukia mahali penye baridi zaidi, yaani kwenye kioo kinachopigwa na upepo wa nje. Sasa hesabu watu. Mtu mzima aliyekaa kimya hutoa kwa pumzi peke yake kama kijiko kikubwa kimoja cha maji kila saa. Watu kumi na wanane ni zaidi ya glasi moja nzima. Na hewa yote iliyomo ndani ya Hiace, hata ikiwa na joto la nyuzi 20, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 170 hivi. Glasi hiyo lazima imwagike mahali.

Jambo hili halikujulikana kirahisi. Kwa karne nyingi watu waliamini umande huanguka kutoka juu kama mvua nyembamba. Daktari mmoja wa London alitumia usiku mwingi bustanini akiweka vibonge vya sufu kwenye majani na juu ya mbao, kisha akivipima uzito kuona vimekunywa maji kiasi gani, huku kipimajoto kikiwa kando. Mwanzoni alidhani baridi ya majani yale ililetwa na umande. Vipimo vikamgeuza: kitu hupoa kwanza, ndipo umande ukikalie. Alichapisha matokeo yake mwaka 1814, na kioo cha gari letu kinatii kanuni hiyohiyo.

Ugunduzi wa pili ni mdogo lakini mimi naupenda zaidi. Mnamo 1911 mwanafizikia mmoja wa Uingereza aliandika kuhusu jaribio ambalo mtoto wa shule angeweza kulielewa. Pitisha mwali wa moto juu ya kioo, kiache kipoe, kisha kipulizie pumzi. Pale moto ulipopita hapafanyi weupe. Maji yapo, ila yametandaa kama utando mwembamba, kwa sababu moto umeondoa uchafu na mafuta. Kwingine maji yamejikusanya kuwa vitone vidogo mno, na vitone hivyo ndivyo vinavyotawanya mwanga. Kinachomziba dereva macho si maji yenyewe, ni umbo lake.

Wazamiaji wa pwani yetu hutumia kanuni hii bila kuisoma popote. Hutema mate ndani ya miwani ya kuzamia, husugua, husuuza kidogo, ndipo huingia majini. Wamarekani walijifunza kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 1966 mwanaanga wa chombo cha Gemini 9 alipotoka kuelea angani, alihema na kutokwa jasho hadi kioo cha kofia yake kikafunga ukungu, akawa haoni. Kazi ikakatishwa. Katika safari zilizofuata, wanaanga walipewa dawa ya kupaka kwenye kioo, jamaa ya sabuni.

Kwa hiyo jioni, kabla ya kulaza gari, osha kioo kwa upande wa ndani. Wengi huosha nje tu. Kisha paka tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na ulisugue kwa kitambaa kikavu mpaka kioo kionekane kisafi kabisa. Ukizidisha, taa za gari linalokuja zitakuchanganya, na hilo ni baya kuliko ukungu. Wala usifute kwa kiganja. Mafuta ya mkono hurudisha vitone palepale.

Hata hivyo sabuni haipunguzi mvuke, na hapa ndipo madereva wengi hupotea. Hufunga kila tundu kwa kuogopa kwamba hewa ya nje, yenye ukungu, itaongeza maji. Fanya hesabu nyingine. Hewa ya nje yenye nyuzi 8, hata ikiwa imeshiba kabisa, ina gramu 8 tu za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ingiza hewa hiyo garini, ipashe joto mpaka nyuzi 22, na sasa ina uwezo wa kubeba gramu 19. Imekuwa hewa yenye kiu. Hewa ileile iliyokuwa ukungu barabarani inakuja kukausha kioo.

Tazama basi kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake. Huku kwetu hubonyezwa kiangazi kuzuia vumbi, kisha husahaulika. Kikiwa kimewashwa, gari linapumua pumzi zake lenyewe. Kizime. Elekeza hewa kwenye kioo cha mbele, washa hita, na uwashe AC pamoja nayo. Najua, AC inakula mafuta. Lakini kazi yake hapa ni kukamua maji: hewa hupita kwenye mabomba ya baridi, huacha unyevu wake, na maji yale ndiyo hudondoka chini ya gari. Kioo kikishakuwa safi unaweza kuizima. Penye barafu, kama kwenye uwanda wa Kitulo alfajiri, magari mengi hayataiwasha, hivyo tegemea hita na dirisha.

Pwani mambo hugeuka. Dar es Salaam au Muscat, AC ikipuliza kioo kwa nguvu, ukungu hushika nje. Pitisha kidole kwa ndani. Usipofutika, washa waipa na uelekeze ubaridi kwingine.

Usimwage maji ya moto kwenye kioo chenye barafu, kinaweza kupasuka. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya gari, wala usiache injini ikinguruma ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wa vyote viwili una sumu isiyo na harufu, nayo huua. Na ukungu ukirudi kila mara ukiacha mafuta na harufu tamu, hita inavuja maji ya rejeta. Hiyo ni kazi ya fundi, si ya tambara.

Mkulima anayehifadhi mahindi kwenye kihenge cha bati ana kioo chake pia. Usiku bati hupoa, na kama mahindi yaliingizwa mabichi, mvuke wake hugeuka maji kwenye dari na kudondokea nafaka. Kabla ya kufunga kihenge, unyevu wa punje usizidi asilimia 13 hivi.

Nirudi kwenye Hiace. Dereva wetu mwishowe alisimama pembeni, akafungua dirisha lake kiasi cha vidole viwili, akawasha feni. Ndani ya gari wakaanza kulalamika. Abiria mwenzangu wa alfajiri, njoo na sweta, mfunike mtoto vizuri, umkalishe mbali na upepo, na dereva akifungua dirisha umwache.