Zamu ya Wimbo: Kanuni na Istilahi za Programu ya Foleni ya Muziki kwa Kurejelea Hafla za Marafa

Utangulizi

Muziki unapochezwa mahali penye watu wengi, swali la kwanza huwa ni nani mwenye haki ya kuchagua wimbo. Swali hilo ni kongwe kuliko simu. Mwaka wa 1889, Louis Glass aliweka katika baa moja mjini San Francisco, Marekani, mashine ya muziki iliyoendeshwa kwa sarafu. Aliyetia sarafu ndiye aliyesikiliza. Mwaka wa 2023, kampuni ya Spotify ilizindua huduma ya Jam, ambayo huwawezesha watu kadhaa kuongeza nyimbo katika orodha moja, kila mmoja kwa simu yake. Makala hii inafafanua jinsi programu-tumizi ya namna hiyo inavyoweza kuundwa kwa ajili ya hafla za Marafa. Hoja yake kuu ni kwamba ugumu wa kazi hiyo umo katika kuamua kanuni ya zamu, na kwamba kanuni hizo tayari zimo katika msamiati wa Kiswahili.

Mandhari ya Marafa

Marafa ni mji mdogo katika eneo la Magarini, Kaunti ya Kilifi, kaskazini-magharibi mwa Malindi. Wageni huujua kwa sababu ya korongo la Nyari. Wenyeji, ambao wengi wao ni Wagiriama, huujua kwa maisha yake ya kila siku, yakiwemo matanga. Kwa Wagiriama, msiba huwakusanya jamaa na majirani kwa siku kadhaa, na ngoma kama vile kifudu na mwanzele zina nafasi yake katika maombolezo. Spika na jenereta zilipoingia, ilizuka katika Kaunti ya Kilifi desturi ya disko matanga, yaani kupiga muziki usiku kucha ili kuchangisha fedha za mazishi. Desturi hiyo ililaumiwa kwa kuwaweka watoto hatarini na kuchangia mimba za mapema, na katika miaka ya 2010 maafisa wa serikali waliipiga marufuku zaidi ya mara moja.

Kiini cha mvutano kinafaa kuangaliwa kwa makini. Mfiwa, mzee na kijana wako katika uwanja mmoja, na spika ni moja. Wimbo wa mmoja hunyamazisha wimbo wa mwenzake. Programu yoyote itakayopanga nyimbo mahali kama hapo itakuwa, ipende isipende, imetoa hukumu baina yao.

Foleni, zamu na mnada

Kiswahili kina maneno matatu yanayobainisha hukumu hizo. La kwanza ni foleni, neno linalohusishwa na amri ya Kiingereza ya kuwapanga askari mstarini. Kanuni yake ni kwamba aliyetangulia kufika hutangulia kuhudumiwa. Kanuni hii huonekana kuwa ya haki, lakini ina kasoro. Kijana akituma nyimbo kumi za dakika nne nne, na bibi akatuma wimbo mmoja mara baada yake, bibi atasubiri dakika arubaini.

La pili ni zamu, neno lenye asili ya Kiarabu. Katika lugha ya mabaharia wa Kiarabu, lilitaja kipindi cha saa tatu za safari. Zamu humhesabu mtu, si ombi. Programu ikifuata zamu, itachukua wimbo mmoja kwa kila mtumiaji kabla ya kumrudia wa kwanza. Hivyo bibi yule atasubiri dakika nne tu, na nyimbo tisa za kijana zitafuata baadaye.

La tatu ni mnada: mwenye fedha nyingi huamua. Kanuni hii huvutia panapohitajika mchango, lakini humweka mfiwa maskini chini ya mgeni tajiri katika msiba wake mwenyewe. Hapa inafaa kutofautisha mnada na tuzo. Katika taarab, msikilizaji huinuka akamtuza mwimbaji mbele ya watu. Tuzo hutangaza kwamba maneno yamemfika, au kwamba angependa yamfike mwingine. Kwa hiyo, programu inaweza kupokea mchango kupitia M-Pesa, huduma iliyoanzishwa Kenya mwaka wa 2007, na kuutangaza kama tuzo bila kumruhusu mchangiaji kuruka zamu.

Utaratibu mwingine wa kujifunza kwao ni ule wa kadi za salamu katika redio. Msikilizaji aliandika majina ya aliowasalimu na wimbo aliouomba, kisha mtangazaji akapanga. Kadi iliunganisha wimbo na watu. Programu nayo inaweza kuonyesha, kando ya kila wimbo, jina la aliyeuomba na la anayekusudiwa.

Jinsi programu inavyofanya kazi

Kimsingi, orodha halisi inapaswa kukaa katika kifaa kimoja, kwa mfano tarakilishi ya mpiga muziki. Kifaa hicho huwa seva. Simu za watu huonyesha nakala tu. Maombi mawili yakifika karibu kwa pamoja, seva huyapa nambari na kuyapanga, ili pasiwe na orodha mbili zinazopingana. Seva pia hukataa wimbo uliomo tayari katika orodha.

Si kila mhudhuriaji ana simu ya kisasa au fedha za kununua data. Simu za kisasa zinaweza kuunganishwa na seva kwa mtandao wa pale pale uwanjani, bila intaneti, na mwenye mulika mwizi akatuma ombi kwa ujumbe mfupi. Juu ya yote, lazima pawepo mamlaka ya mwenye hafla: uwezo wa kuondoa wimbo, kutenga kipindi cha ngoma za wazee, na kuweka saa ambayo muziki utakoma. Programu haiwezi kuwalinda watoto badala ya wazazi. Inachoweza ni kuifanya saa hiyo ijulikane na wote tangu mwanzo.

Suala la istilahi

Kiolesura cha programu kinapaswa kuzungumza lugha ya mtumiaji. Toleo la Kiswahili la OpenOffice, liitwalo Jambo, lililotolewa na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka wa 2004, lilithibitisha kwamba jambo hilo linawezekana. Hata hivyo, kutafsiri vitufe pekee hakutoshi. Kitufe kilichoandikwa “Zamu yako” ilhali programu inafuata foleni kitamdanganya mtumiaji, na kitufe cha “Tuza” kinachouza nafasi ya mbele kitaharibu maana ya neno. Mwanaisimu hana budi kushirikishwa kabla msimbo haujaandikwa.

Hitimisho

Imebainika kwamba foleni, zamu, mnada na tuzo si visawe, bali ni kanuni nne tofauti za kuishi pamoja. Kwa hafla za Marafa, zamu yenye mamlaka ya mwenye hafla ndiyo inayofaa zaidi, tuzo ikibaki tuzo. Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi ya wazi katika kazi hii, kwa kuwa mwenye kulijua neno vizuri ndiye atakayegundua mapema pale mashine inapolisaliti.