Kamembe hadi Kigali: Rula Haipimi Saa

Katika tarafa ya Giheke, wilayani Rusizi, ndani ya eneo lililokuwa mkoa wa Cyangugu hadi mwaka 2006, si ajabu kuiona ndege ikishuka kuelekea uwanja wa Kamembe ulio jirani. Askari aliyepangiwa kazi huko hataacha kujiuliza: kutoka hapa hadi Kigali ni umbali gani, na safari huchukua muda gani? Tumeona vema tulijibu swali hilo, maana wako wanaolijibu kwa rula peke yake.

Hiyo rula haina kosa katika kazi yake. Kamembe iko digrii 2.46 kusini mwa ikweta, na uwanja wa Kigali digrii 1.97. Tofauti ni nusu digrii, yaani kilomita 55 hivi. Kutoka mashariki hadi magharibi, viwanja hivyo vimeachana kwa digrii 1.23, takriban kilomita 137. Ukiukokotoa mshazari wake, utapata kama kilomita 148.

Ndege ya rafadha iendayo kilomita 600 kwa saa ingeumaliza umbali huo kwa robo saa. Lakini haiumalizi, hutumia nusu saa au zaidi kidogo. Ndege hiyo hupanda polepole, na mara ifikapo kimo chake rubani huanza kuishusha, kisha huizungusha ili ilingane na njia ya kutulia. Tena Kamembe iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, ilhali njia yake ya kurukia ni fupi sana ikilinganishwa na ile ya Kigali.

Rula haioni mipaka pia. Uwanja wa Kavumu, ng'ambo ya Kongo, hauzidi sana kilomita 20 kutoka Kamembe. Mwenye gari lazima kwanza avuke mto Ruzizi na forodha zake mbili, apite Bukavu, ndipo apande kaskazini.

Lakini msitu wa Nyungwe ndio unaowakosesha wengi hesabu. Barabara ya Kigali kupitia Huye na Nyamagabe ina zaidi ya kilomita 220, nayo huupanda mgongo wa milima unaogawa maji: ya upande huu huenda Kongo, ya upande ule huenda Naili. Huko kona hazihesabiki, ukungu hushuka mchana kweupe, na masika huporomosha udongo barabarani. Gari zuri huhitaji muda wa saa tano au sita. Mgonjwa aliyekosa ndege, akaondolewa Kamembe saa moja jioni, atafikishwa Kigali usiku wa manane.