Tiba shufaa mkoani Katavi

Tiba shufaa mkoani Katavi ni huduma ya kupunguza maumivu na mateso mengine ya wagonjwa wenye maradhi mazito, kama vile saratani, UKIMWI na selimundu, katika mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania. Makala hii inahusu hasa utafiti unaohitajika ili huduma hiyo ilingane na lugha na desturi za wakazi, pamoja na fedha za kuulipia.

Tiba shufaa haichukui nafasi ya tiba ya ugonjwa wenyewe, bali hutolewa sambamba nayo. Cicely Saunders, daktari Mwingereza aliyefungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya nafsi, ya kijamii na ya kiroho kwa pamoja. Kwa msemaji wa Kiswahili wazo hilo si geni: neno "uchungu" hutumika kwa jeraha, kwa uzazi na kwa msiba.

Mkoa na watu wake

Katavi ulitengwa na mkoa wa Rukwa mwaka 2012, makao makuu yakiwa Mpanda. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Ile ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Wenyeji ni pamoja na Wabende, Wapimbwe na Wakonongo. Wasukuma wamehamia kwa wingi na mifugo yao, na katika Katumba na Mishamo wanaishi watu wa asili ya Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, ambao wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Hivyo muuguzi mmoja anaweza kupokea kwa siku moja wagonjwa wa lugha nne, na wazee hasa hawakisemi Kiswahili kwa urahisi.

Umbali ni tatizo la pili. Mgonjwa wa saratani anayehitaji mionzi hulazimika kwenda Hospitali ya Bugando mjini Mwanza au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Kwa mvuvi wa Karema au Ikola, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, hata Mpanda penyewe ni mbali.

Karema ina historia yake katika tiba. Adrian Atiman, mzaliwa wa nchi za mto Niger aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto na kusomea utabibu Malta, alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1880 pamoja na Wamisionari wa Afrika. Alitibu watu wa ziwani kwa zaidi ya miaka sitini, hadi alipofariki mwaka 1956. Alikuwa mgeni kabisa kwa lugha za hapo, lakini alikaa muda wa kutosha kuzijua. Watafiti wa siku hizi hukaa wiki chache.

Kupima maumivu

Hakuna mashine ya kupima maumivu. Mgonjwa ndiye anayesema. Kipimo cha kawaida humtaka ataje namba kuanzia 0 hadi 10, jambo linalomtatiza mtu ambaye hakuzoea kuyatia maumivu katika hesabu. Atasema panachoma, panakata, panavuta au panawaka moto. Atataja kichomi, au chango, jina ambalo watu hulitumia kwa maumivu ya tumbo la uzazi yenye visababishi mbalimbali na ambalo halina neno moja linalolingana nalo katika vitabu vya hospitali. Mwingine hatasema lolote, kwa kuwa amelelewa kujikaza. Muuguzi akiandika "hana maumivu", hapewi dawa.

Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika (APCA), kilichoundwa Arusha mwaka 2004 na chenye makao yake Kampala, kilitengeneza kipimo cha maswali kumi: saba kwa mgonjwa na matatu kwa ndugu anayemuuguza. Majibu ni ya 0 hadi 5, na yanaweza kutolewa kwa vidole vya mkono mmoja: ngumi ni hakuna, vidole vitano ni kupita kiasi. Nchini Kenya na Uganda watafiti wamejaribu pia picha za dumu la maji, kuanzia tupu hadi lililojaa. Ni wazo zuri, kwa sababu dumu kila mtu amelibeba.

Hata hivyo kipimo kilichofaa Kampala hakifai moja kwa moja Mishamo. Lazima kitafsiriwe, kisha mtu mwingine akirudishe katika lugha ya kwanza bila kuona asili yake, na halafu kijaribiwe kwa wagonjwa wenyewe. Waganga wa jadi nao wanahusika, kwa kuwa wagonjwa wengi huwaendea kwanza. Tanzania inawatambua kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002.

Dawa

Dawa kuu ya maumivu makali ni mofini ya maji, inayotengenezwa kwa kuyeyusha unga wake. Ni rahisi kwa bei, ila iko chini ya udhibiti mkali wa sheria za dawa za kulevya. Ripoti ya jarida la Lancet ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii hiyo zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa hupata tani 0.1 tu.

Uganda imefika mbali zaidi. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na tangu 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuiandika mofini. Kwa kuwa dawa hiyo hufunga choo, wagonjwa huko walipewa mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa, zinazopatikana bure uani.

Fedha

Wafadhili wakubwa hugawa fedha kwa jina la ugonjwa, na maumivu si ugonjwa mmoja. Sheria ya Marekani iliyoanzisha mpango wa PEPFAR mwaka 2003 ilipendekeza asilimia 15 ya fedha zake ziende kwenye tiba shufaa, na hospitali za makanisa nchini Tanzania, zikiwemo za Kilutheri, zilinufaika. Sheria ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2008, sehemu hiyo iliondolewa. Mfuko wa kumbukumbu ya Diana, Binti Mfalme wa Wales, uliosaidia tiba shufaa barani Afrika, ulifungwa mwaka 2012. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na huduma zilizotegemea miradi ya UKIMWI zikayumba tena.

Ndani ya nchi, utafiti wa afya husimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ina mfuko wa kugharimia watafiti. Umoja wa Afrika ulizitaka nchi wanachama zitenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, lengo ambalo nchi nyingi hazijalifikia. Katavi ina kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine huko Mpimbwe, lakini hiyo ni ya kilimo. Mtafiti wa tiba hutoka Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya, na sehemu kubwa ya bajeti yake huishia kwenye mafuta ya gari, posho na wakalimani wa Kisukuma na Kirundi kabla hajamuuliza mgonjwa wa kwanza panamuuma wapi.