Fahamu: Kifaa cha kuzuia simu hutozwaje ushuru Marekani?

Ni kifaa gani?
Ni kisanduku kidogo kinachounganishwa na simu ya mezani. Husoma namba ya mpigaji na kukata simu za matapeli na za matangazo ya kero.

Uainishaji ni nini?
Ni kuipa bidhaa namba ya forodha, ambayo husaidia kuamua kiwango cha ushuru. Msingi wake ni mfumo wa HS wa Shirika la Forodha Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1988. Tarakimu 6 za mwanzo ni za pamoja; Marekani hufikisha 10, Jumuiya ya Afrika Mashariki 8.

Kinaingia kundi gani?
Simu na vifaa vya kutuma au kupokea sauti na data viko kundi la 8517. Kinachoangaliwa ni kazi ya kifaa na muundo wake, si jina lililoandikwa kwenye boksi.

Kwa nini ni muhimu?
Namba ikikosewa, mwagizaji anaweza kulipa zaidi, kupigwa faini au mzigo wake kukwama. Ndiyo maana sheria humruhusu kuomba uamuzi wa maandishi kutoka forodha kabla ya kuagiza.