Folda ya pamoja, nenosiri la kila mtu

Anwani ya barua pepe ya ofisi, ile iliyochapwa kwenye risiti na kwenye kibao cha nje, mara nyingi ina nenosiri moja linalojulikana na watu watano au zaidi. Wa mapokezi analo, mhasibu analo, meneja ameliweka kwenye simu yake, na fundi aliyefunga kompyuta zamani zile huenda bado analikumbuka. Mteja akiandika kuuliza bei, wa kwanza kufungua ujumbe anauacha ukionekana umeshasomwa, na wenzake wanaupita wakidhani umejibiwa. Ujumbe ukifutwa hakuna wa kuulizwa, kwa sababu mbele ya seva wote hao ni mtu mmoja. Mfanyakazi akiacha kazi anaondoka na barua za ofisi mfukoni, mpaka siku mtu atakapokumbuka kubadili nenosiri, na siku hiyo simu na kompyuta za wote waliobaki hukatika.

Jambo hili linanisikitisha kila ninapolikuta, maana dawa yake mara nyingi imo ndani ya seva ileile ambayo ofisi imekwisha kuilipia. Seva ya barua pepe inaweza kuwa na folda iliyowekwa mahali pa wote, na kila mtu akapewa ruhusa yake kwa jina lake, huku akiingia kwa nenosiri lake mwenyewe.

Kwanza tujue barua inakaa wapi. Itifaki ya POP, iliyotolewa mwaka 1984, ilimfikiria mtu mwenye kompyuta moja: programu inaita seva, inazichukua barua, na kwa desturi inazifuta kule ilikozitoa. Folda zinazotengenezwa kwa njia hiyo ziko kwenye kompyuta ya mtumiaji tu, na seva haina habari nazo. Mwaka 1986 Mark Crispin, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, akabuni IMAP, ambayo huziacha barua na folda zote kwenye seva; programu ya kwenye simu au kompyuta inakuwa dirisha la kutazamia tu. Toleo ambalo wengi tunalitumia bila kulijua, IMAP4rev1, liliandikwa mwaka 1996 na kurekebishwa 2003, na jingine likafuata 2021. Basi, kama programu zenu zimewekwa kwa POP, hakuna folda ya kushirikiana mpaka mhamie IMAP.

Anayeijua masjala ya ofisi ya serikali ataelewa haraka kinachotafutwa. Jalada ni mali ya ofisi, lina namba yake, karani anajua nani anaruhusiwa kulichukua, na afisa akihamishwa jalada linabaki kabatini.

Kutengeneza folda ni jambo dogo: kwenye programu unabofya, nyuma ya pazia inatumwa amri ya CREATE, na folda ipo. Penye uzito ni mahali inapozaliwa. Tangu 1998 IMAP ina utaratibu wa kuigawa seva katika maeneo matatu: folda zako, folda za watu wengine ulizofunguliwa, na folda za wote zisizo chini ya mtu yeyote. Kwenye Cyrus, seva iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, folda za mtumiaji kwa ndani hutanguliwa na neno user na jina lake, na zile za wote hazina kitangulizi hicho. Dovecot, ambayo Timo Sirainen wa Finland aliitoa mara ya kwanza mwaka 2002 na ambayo leo ndiyo utakayoikuta kwa watoa huduma wengi, humwachia msimamizi kuyapanga maeneo hayo mwenyewe.

Ofisi nyingi zinazojaribu kushirikiana huanza na eneo la pili. Asha anatengeneza folda ya Maombi ndani ya akaunti yake, kisha anawafungulia wenzake. Inafanya kazi vizuri, ila nafasi inayoliwa na barua hizo kwa kawaida huhesabiwa kwenye kiwango cha Asha, na akaunti yake ikifutwa folda inakwenda nayo. Kwa kazi ya wiki mbili haina neno. Kwa barua ambazo ofisi itazihitaji miaka mitano ijayo, mwombeni msimamizi aiweke folda katika eneo la wote.

Jina la folda nalo lina mtego wake. Seva hutumia alama moja kutenganisha folda na folda ndogo iliyo ndani yake. Kwingine ni mkwaju, kwingine ni nukta. Penye nukta, folda unayoitaka iitwe Zabuni Na.5 inaweza kukataliwa, au ikazaliwa folda ya Zabuni Na yenye mtoto aitwaye 5. Tumieni maneno na tarakimu bila alama.

Sasa tufike kwenye ruhusa zenyewe, ambako ndiko kazi iliko. Mwaka 1997 John Myers wa Carnegie Mellon aliandika nyongeza ya IMAP iitwayo ACL, yaani orodha inayoambatana na folda ikisema nani anaruhusiwa nini. Kila ruhusa ni herufi moja. Toleo la mwaka 2005, linalotumika sasa, lina herufi 11, na inafaa kuzijua hata kama programu yako inazificha nyuma ya visanduku vya kuweka tiki. Herufi l inamwezesha mtu kuiona folda kwenye orodha; r kuifungua na kusoma; s kuweka alama ya kusomwa ikabaki. Kwa w anaweka alama nyingine, kwa i anaingiza ujumbe ndani ya folda, na p inahusu kutuma barua kwenye anwani ya folda yenyewe. Herufi k ni ya kuzaa folda ndogo na x ya kuifuta folda nzima. Kisha kuna t ya kuutia ujumbe alama ya kufutwa, e ya kuuondoa kabisa, na a ya kugawa ruhusa hizi kwa wengine.

Kwa nini kufuta ujumbe kuwe na herufi mbili? Kwa sababu IMAP hufuta kwa hatua mbili: kwanza ujumbe unatiwa alama, kisha amri nyingine inaufyeka. Toleo la 1997 lilikuwa na herufi moja, d, kwa hatua zote, na waliotengeneza seva hawakuelewana hata juu ya ruhusa ipi iongoze kufuta folda nzima. Miaka minane baadaye herufi zikagawanywa. Faida yake ni kubwa kwa ofisi: karani anaweza kupewa t bila e, akatia alama zile anazoona hazifai, na mkuu wake akapitia kabla hazijaondoka moja kwa moja. Ningependa kila ofisi inayopokea malalamiko ya wananchi ipangwe hivyo.

Amri inayofanya haya ni fupi. SETACL Maombi juma lrs inampa Juma kuona, kusoma na kukumbukiwa alichosoma. Roundcube, programu ya kusomea barua kwenye kivinjari, ikiwekewa nyongeza ya ACL hukuletea hayohayo kwenye mipangilio ya folda bila kuandika amri.

Hapo kwenye lrs pana kosa ambalo watu huliona kama ugonjwa wa seva. Juma anaufungua ujumbe ndani ya folda, anaujibu, na mwenzake haoni ule mshale mdogo wa kujibiwa. Mshale huo ni alama, na alama zote zisizo za kusomwa wala za kufutwa zinahitaji w. Juma hana. Anayejibu barua apewe lrswi, na anayesoma tu abaki na lrs. Ukimnyima mtu s, atakuta folda nzima haijasomwa kila anapoingia. Kuhamisha ujumbe kunahitaji i kule unakokwenda, na t na e kule unakotoka. Asiye na hizo mbili, programu inayonakili kwanza kisha kufuta itamwachia ujumbe uleule pande zote mbili, na kesho watu wawili watauhudumia.

Alama ya kusomwa ina tabia inayotofautiana kati ya seva na seva. Cyrus, isipoelekezwa vingine, humwekea kila mtu kumbukumbu yake: nikisoma mimi, kwako bado ni mpya. Dovecot isipoelekezwa vingine hutumia alama moja kwa wote. Ulizeni yenu ikoje kabla ya kukubaliana utaratibu. Mimi nashauri msiitegemee kabisa alama ya kusomwa kama ushahidi kwamba mtu ameshika jambo. Tumieni folda ndogo: anayeuchukua ujumbe, akiwa ameongezewa t na e, auhamishe kwenda Unashughulikiwa, akimaliza auhamishe kwenda Umekwisha. Hapo hata aliyerudi kutoka likizo anaona hali ya kila ombi bila kumuuliza mtu.

Folda ndogo hizo mara nyingi huzaliwa zikiwa na ruhusa za mama yake, lakini ukimbadilishia mama ruhusa baadaye, watoto waliokwisha kuzaliwa kwa kawaida hubaki na zile za zamani. Ndiyo maana mfanyakazi mpya anaiona Maombi lakini haioni Umekwisha. Mpeni ruhusa kwenye kila folda, au bora zaidi wapeni ruhusa kikundi kizima, kama seva yenu inavijua vikundi, kisha muwe mnaongeza na kupunguza watu ndani ya kikundi.

Kuna pia lalamiko la "umenipa lakini sioni". Mara nyingi ruhusa ipo, ila folda haijasajiliwa. IMAP huweka orodha ya folda ambazo mtumiaji amechagua kuonyeshwa, na programu nyingi huonyesha hizo tu. Mwenye tatizo atafute sehemu ya kujisajili kwenye folda, aweke tiki, na folda itatokea. Kwenye Dovecot kuna sababu nyingine: msimamizi anatakiwa aweke kamusi ndogo inayokumbuka nani kamgawia nani, la sivyo seva haitaiorodhesha folda ya Asha mbele ya Juma hata kama ruhusa ni sahihi.

Herufi mbili nazigawa kwa uchoyo. Ya kwanza ni a, kwa sababu mwenye nayo anaweza kumfungulia yeyote na kumfungia yeyote. Ya pili ni x. Watumiaji wa Cyrus wanajua kwamba hata msimamizi, kwa kawaida, hawezi kufuta folda ya mtu mpaka kwanza ajipe mwenyewe ruhusa ya kufuta. Wengine huiona kero. Mimi naipenda hatua hiyo, maana inamlazimisha mtu kusimama na kusoma jina la folda kabla ya kuifuta.

Na kuna neno moja la kuogopa: anyone. Likiandikwa mahali pa jina la mtumiaji linamaanisha kila mtu kwenye seva, pamoja na wageni wasiojitambulisha pale seva inapowaruhusu. Kwa ruhusa ya p lina matumizi mazuri, kwa sababu ndilo linaloiwezesha barua kutoka nje kuingia moja kwa moja kwenye folda kupitia anwani yake. Kwa r ni hatari. Barua za ofisi zimebeba nakala za vitambulisho, vyeti vya hospitali na namba za simu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 zinamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde.

Majibu nayo yapangiwe mahali. Juma akijibu kutoka akaunti yake, nakala inakwenda kwenye folda yake ya zilizotumwa, na wenzake wanabaki na swali bila jibu. Programu nyingi za kompyuta hukuruhusu kuchagua nakala iwekwe wapi kwa kila anwani unayotumia kutuma. Ielekezeni kwenye folda ya pamoja. Za simu ni chache zinazokubali hilo, kwa hiyo anayejibu kwa simu ajiwekee anwani ya ofisi kwenye nakala.

Kwa walioko Outlook na Exchange, mambo ni yaleyale yenye majina badala ya herufi, kuanzia msomaji hadi mmiliki, na folda ya juu lazima nayo ionekane ili ya chini ifikiwe. Gmail haigawi folda moja moja. Humruhusu mtu mwingine kuingia katika akaunti nzima kwa akaunti yake mwenyewe, na hiyo bado ni bora kuliko kumtajia nenosiri.

Mfanyakazi anapoondoka, msimamizi amwondoe kwenye orodha kwa amri ya DELETEACL, na wengine waendelee na kazi bila kugusa chochote. Kabla ya kufuta akaunti yake atazame kama kuna folda ya pamoja iliyozaliwa chini ya jina lake, aihamishe kwenda eneo la wote, kwa amri ya RENAME pale seva inapoikubali, kisha aikague upya orodha ya ruhusa kwa GETACL, folda ndogo zote zikiwemo.