Malaria hakuna, homa ipo: familia ifanye nini siku za kungoja jibu?

Jana mama alilala salama. Leo asubuhi hawezi hata kushika kikombe cha chai. Mwili unawaka, kichwa kinamgonga, viungo vinauma. Mnamkimbiza kliniki, anapimwa damu, na baada ya muda mfupi jibu linakuja: malaria hakuna. "Basi ana nini?" mnauliza. Daktari anasema bado hajajua. Mpeni dawa ya kutuliza homa, mrudini naye baada ya siku mbili.

Familia nyingi za Mji wa Kale na kisiwani kote zimewahi kurudi nyumbani na jibu kama hilo. Si jibu jepesi. Wengine huona wamepuuzwa, wakaanza kuzunguka maduka ya dawa. Makala haya yanaeleza kwa nini daktari anaweza kusema "bado", na kazi ya familia ni ipi katika siku hizo.

Kwa nini jibu huchelewa

Homa ni dalili, si jina la ugonjwa. Malaria, kidingapopo (dengi), chikungunya, homa ya matumbo, kichomi na maambukizi ya njia ya mkojo yote yanaweza kuanza kwa namna moja. Malaria ina kipimo cha haraka. Kidingapopo kina vipimo vinavyotegemea siku: katika siku za mwanzo hutafutwa dalili za virusi vyenyewe kwenye damu, na kuanzia kama siku ya tano hutafutwa kinga ambayo mwili umetengeneza. Kipimo kikifanywa siku isiyofaa kinaweza kutoonyesha kitu ilhali ugonjwa upo. Kwa hiyo kuambiwa "mrudini naye" ni sehemu ya uchunguzi. Msiache kurudi.

Homa hizi si ngeni kwetu. Chikungunya ilitambuliwa mara ya kwanza kusini mwa Tanzania mwaka 1952, na jina lake linatokana na neno la Kimakonde la kujikunja, kwa vile mgonjwa huinama kwa maumivu ya viungo. Mwaka 2004 ililipuka Lamu, ikafika Mombasa, kisha ikavuka hadi visiwa vya Bahari ya Hindi. Ilirudi Mombasa mwishoni mwa 2017 na kuendelea 2018. Kidingapopo nacho kilienea mjini humu mwaka 2013.

Kumtunza mgonjwa nyumbani

Kidingapopo na chikungunya hazina dawa maalumu ya kuua virusi vyake. Mgonjwa anahitaji kupumzika, kunywa maji, uji, supu au madafu mara kwa mara, na paracetamol kwa kipimo alichoandikiwa.

Msimpe aspirini, Brufen wala diklofenaki mpaka daktari aseme hana kidingapopo, kwani dawa hizo zinaweza kuzidisha kutokwa na damu. Msimpe antibiotiki zilizobaki za mgonjwa mwingine. Kama amekunywa muarobaini au dawa nyingine ya miti, mwambieni daktari bila kuficha.

Chukueni daftari. Andikeni saa, joto la mwili, alichokunywa, mara alizokwenda haja ndogo, na kila dawa aliyopewa. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maneno ya watu watano wanaokumbuka tofauti.

Homa ikishuka, msilale

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Kwa kidingapopo, hatari huja mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya saba, homa inaposhuka na watu wanapoanza kushukuru. Mpelekeni hospitali mara moja mkiona mojawapo ya haya:

- maumivu makali ya tumbo
- kutapika kusikokoma
- damu puani, kwenye ufizi, matapishi au choo
- kuhema kwa shida
- kulegea sana, kuhangaika au kuchanganyikiwa
- mkojo kupungua sana

Mjamzito, mtoto mchanga, mzee, na mwenye kisukari au presha wasisubiri dalili hizo. Waonwe na daktari mapema.

Haki zenu hospitalini

Iwe ni Tudor, Coast General au kituo kingine, Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, na inapowezekana kwa lugha anayoifahamu. Ulizeni maswali matatu: mnashuku nini? Kipimo gani kimebaki, na lini? Tukiona nini turudi kabla ya siku hiyo? Kama mgonjwa hajasajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), piga *147# mapema.

Wanaouguza nao wachoke kwa zamu

Mgonjwa wa Mji wa Kale hakosi wageni, na kila mgeni huja na jina lake la ugonjwa. Mteueni mtu mmjoa wa kuzungumza na daktari na kuwapasha jamaa habari. Anayeuliza "nisaidie nini?" apewe kazi: kuleta uji, kukaa na watoto, kukesha usiku mmoja. Watoto waambiwe ukweli kwa kiasi chao: bibi anaumwa, daktari anatafuta sababu, sisi tunamtunza.

Msisahau mbu

Mbu wa kidingapopo na chikungunya huuma mchana, na huzaliana kwenye maji tunayoweka majumbani. Maji ya mfereji hayaji kila siku, hivyo kila nyumba ina pipa, tangi au madumu. Yafunikeni vizuri, na kila wiki yamwageni na kuyasugua kwa ndani, kwani mayai hushika ukutani. Mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana, ili mbu asimuume yeye kisha akawaambukiza wengine nyumbani.

Huenda mama akapona kabla jina la homa yake halijajulikana. Hilo hutokea. Lakini siku alizongoja, mtu alikuwa akimtazama, akiandika, na akijua saa ya kumrudisha hospitali. Hiyo ndiyo kazi ya familia, na haihitaji kujua jina la ugonjwa.