Debian 13 na Wajibu Wetu wa Butembo na Beni

Tarehe 9 Agosti 2025 jamii ya Debian ilitangaza toleo la 13 la mfumo wake wa kuendeshea kompyuta, likapewa jina la Trixie kwa desturi yao ya tangu zamani ya kuazima majina ya wanasesere wa filamu ya Toy Story. Katika miji yenye fedha nyingi na intaneti ya kasi habari kama hii husomwa na mafundi wachache, ikapita. Lakini katika Butembo na Beni, ambako kompyuta nyingi zimekwisha kutumika miaka mingi katika ofisi za ughaibuni kabla ya kupakiwa melini hadi Mombasa, kupitishwa Kampala kwa malori, na kuingia Kongo kwa mlango wa Mpondwe na Kasindi, toleo jipya la mfumo usiouzwa ni jambo linalogusa riziki ya mtu na elimu ya mtoto wake. Kwa sababu hiyo lastahili kupimwa kwa insafu: lina heri gani, lina taabu gani, na sisi tuna wajibu gani juu yake.

Haja ya kulipima ilizidi miezi miwili tu baadaye, tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipokoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida yake. Windows 11, iliyowekwa kuirithi, haikubali rasmi mashine isiyo na kinga iitwayo TPM 2.0, wala karibu zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Basi kompyuta ambayo kioo chake ni kizima, kibodi yake ya AZERTY haijapoteza hata herufi moja, na diski yake haina ila, huambiwa kwamba muda wake umekwisha, si kwa kuwa imeharibika, bali kwa kuwa mwenye programu ameazimia hivyo. Mwenye kibanda cha fotokopi, ambaye riziki yake ni kuchapa barua za watu na TFC, yaani kazi za kumalizia masomo, za wanafunzi, hana mtaji wa kununua nyingine. Aghalabu huishia kuwekewa nakala ya wizi, na fleshi za wateja, zikitoka mashine hii na kuingia ile, hueneza virusi kutoka kibanda hadi kibanda, hata kazi ya mwaka mzima ikaweza kupotea katika asubuhi moja.

Debian ni njia nyingine, na asili yake yafaa ifahamike. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha mfumo kiitwacho Linux. Na tarehe 16 Agosti 1993 Ian Murdock akaanzisha Debian, ili kiini hicho kikusanywe pamoja na programu nyingine, zipatanishwe, zikaguliwe, kisha zitolewe kwa watu wote kama milki yao ya pamoja. Hakuna kampuni inayoimiliki. Kazi hufanywa na watu wa hiari waliotapakaa duniani, waliofungana mwaka 1997 kwa ahadi ya maandishi kwamba mfumo wao utabaki huru na hawataficha kasoro zake. Hata Ubuntu, ambayo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini aliitoa mwaka 2004 na ambayo vijana wetu huijua zaidi, imejengwa juu ya msingi wa Debian. Toleo la 13 lina vifurushi vya programu 69,830, na matunzo yake yameahidiwa kwa miaka mitano: mitatu ya matunzo kamili, na miwili ya nyongeza ya kuziba mianya ya usalama.

Faida moja, ambayo ilianza katika toleo la 12 la tarehe 10 Juni 2023 na kuendelea katika hili, yastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa inatuhusu sana. Zamani mtu aliyeweka Debian katika kompyuta ya mkononi aliweza kuukuta mfumo umesimama sawasawa, ila Wi-Fi haifanyi kazi, kwa sababu programu ndogo ya kuiamsha kadi ya Wi-Fi haikuwa huria, na kwa sababu hiyo haikutiwa ndani. Akatakiwa kuitafuta katika intaneti, ilhali intaneti ndiyo aliyoikosa. Mwaka 2022 jamii hiyo ilipiga kura na kukubali programu za namna hiyo ziwemo katika diski ya kusimikia. Wapo waliohuzunika, wakiona uhuru umepunguzwa. Lakini kwa fundi wa Butembo asiye na waya wa intaneti, mwenye mega chache za simu alizozinunua kwa tabu, uamuzi ule ulikuwa wa rehema.

Watumiaji walilipokea toleo la 13 kwa shukrani iliyochanganyika na manung'uniko. Walisifu utulivu wake, kiini kipya cha Linux 6.12, na mandhari ya GNOME 48. Walionung'unika walikuwa na hoja mbili zinazotugusa. Ya kwanza ni kwamba Trixie haisimikwi tena katika mashine za biti 32. Kompyuta ndogo zilizovuma mwaka 2008, zenye kichakato cha Atom N270, ambazo baadhi ya shule bado zazitegemea, zimeachwa nje. Mwenye shaka na mashine yake na afungue dirisha la amri la Linux, aandike lscpu, kisha atazame mstari unaotaja namna za kichakato: ukisomeka 32-bit na 64-bit, mlango u wazi, ukisomeka 32-bit peke yake, na abaki katika toleo la 12, ambalo matunzo yake yamepangwa kufika Juni 2028.

Hoja ya pili ni kwamba faili za muda, ambazo zamani zilikaa katika diski, sasa hukaa katika RAM na zaweza kuila hadi nusu yake. Katika mashine mpya jambo hili halina uzito. Katika kompyuta ya gigabaiti 2 za RAM, inayoskani kurasa mia za hati na kuzifanya faili moja, laweza kuisimamisha kazi na mteja amesimama mlangoni. Dawa yake ni amri moja, systemctl mask tmp.mount, kisha kuzima na kuwasha. Lakini dawa isiyojulikana haimponyi mgonjwa, na hapo ndipo hitaji la walimu linapodhihirika.

Kwa maoni yangu, kuachwa kwa biti 32 ni jambo la kusikitisha, si la dhuluma. Mashine hizo zimepungua duniani, na watu wa hiari waliobaki kuzijaribu ni haba. Kuahidi matunzo yasiyoweza kutimizwa kungekuwa hadaa. Tofauti kati ya uamuzi huu na ule wa Windows ni kubwa: aliyeachwa na Debian ameachiwa msimbo wenyewe, na ruhusa ya kuunakili, kuurekebisha na kuugawa, ilhali aliyeachwa na Microsoft ameachiwa tangazo.

Ruhusa hiyo ya kunakili ndiyo tunu iliyo kubwa kupita zote, nayo sisi tumeitumia kwa uchache. Hatujasahau kwamba tangu tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika Kongo nzima kwa karibu wiki tatu, wakati ambapo Beni na Butembo zilikuwa tayari katika dhiki ya Ebola. Mfumo unaodai kuonana na seva ya mbali kila siku haufai kuwa tegemeo pekee la mahali kama hapa. Diski ya kwanza ya Debian, ya ukubwa wa karibu gigabaiti 4, hukaa katika fleshi moja na kusimika kompyuta elfu pasipo intaneti. Ipo pia programu iitwayo apt-offline: fundi wa Oicha huandikisha mahitaji ya mashine yake katika faili ndogo, huituma kwa fleshi hadi Beni au Butembo penye intaneti nzuri, vifurushi vikapakuliwa huko, kisha vikarudi kwa mkono na kuwekwa. Na ili amana isichafuliwe njiani, Debian hutoa pamoja na kila diski alama ndefu ya herufi na tarakimu. Mpokeaji hutumia amri ya sha512sum kulinganisha, na ikitofautiana hata tarakimu moja, nakala ile hutupwa.

Watu wa miji hii hawakuzoea kungoja. Mwaka 1989 Askofu Emmanuel Kataliko aliasisi Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben hapa Butembo, na mwaka 2007 Beni ikapata Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili, UCBC. Lau kila chuo kingetenga kompyuta moja na kuiwekea apt-cacher-ng, programu inayohifadhi kila kifurushi kilichopakuliwa mara moja ili wengine wote wakipate papo hapo, gharama ya mega ingepungua kwa wanafunzi wote, na wale wa informatiki wangejifunza kuendesha seva kwa kuishika, si kwa kunakili maelezo ubaoni. Fauka ya hayo, lugha yetu isibaki nyuma. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, ukathibitisha kwamba skrini yaweza kusema lugha ya mwananchi. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na milango ya tafsiri ya programu huria haimfungii mtu.

Basi nasaha yangu ni hii. Mwenye mashine ya biti 64 na ahifadhi kwanza nakala ya kazi zake katika diski nyingine, kisha ahamie toleo la 13; na anayetumia Debian tayari atoke la 12, wala asirukie kutoka la 11. Mwenye kibanda na ajaribu mashine moja kabla ya kuzibadili zote. Walimu wa informatiki, nanyi wakuu wa vyuo vya Butembo na Beni, wekeni nakala ya Debian mahali ambapo mwanafunzi yeyote, na fundi yeyote wa mtaani, aweza kuja na fleshi yake akaichukua bila malipo. Walioitunga wametimiza sehemu yao. Kuifikisha ni sehemu yetu.